Vidonge vya Mdogo Wake

Jioni ile Prayong alikaa chini katikati ya muziki wa mazoezi, kwenye uwanja wa hekalu, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe hakikuwa na kamba. Miguu ndiyo iliyokuwa imegoma. Mapaja yalimuuma kama aliyetwangwa na mchi, na alipotaka kunyanyuka ikabidi aweke mikono miwili ardhini na kujisukuma makalio kwanza, kama mtoto anayejifunza kusimama. Huko mbele, mstari wa kwanza, chini ya spika inayokoroma, mdogo wake Urai alikuwa anarusha mguu mpaka usawa wa kiuno. Suruali ya kubana, rangi ya papai lililoiva. Miaka sitini na tatu, na jasho halijamtoka!

"Dada Yong! Nyanyua goti!" Urai akapaza sauti bila hata kugeuka. "Mabalungi hayo yamekuzeesha!"

Wanawake wa mazoezi wakacheka. Prayong naye akacheka, maana usipocheka utaulizwa una nini. Lakini roho ilimuuma, jamani, ilimuuma kweli kweli.

Wivu wa mke kwa mumewe watu wanauelewa. Utalia, utapiga kelele, majirani watakuja na pole zao. Wivu wa dada kwa mdogo wake hauna pa kuusemea. Umembeba mgongoni mwenyewe, umempulizia uji usimuunguze, leo utakwenda kwa nani kushtaki kwamba amekuzidi? Kwa hiyo unanyamaza, nao unakukaa tumboni mwaka baada ya mwaka, na kila mara mtu akisema "mdogo wako mzuri yule" unaitikia "eeh, mzuri," huku unatamani ummwagie mtu huyo maji ya vyombo.

Prayong alizaliwa hapo hapo Sam Phran, nje kidogo ya Bangkok, kwenye matuta marefu yaliyozungukwa na mifereji ya maji, ambako baba yao alipanda mibalungi. Baba hakuwa na mtoto wa kiume. Moyo ulipoanza kumsumbua aliwaita binti zake wawili akagawa: mkubwa shamba, mdogo nyumba ya barabarani. Siku hizo barabara ilikuwa vumbi tupu na nyumba ilikuwa na popo, na watu walimhurumia Urai. Halafu lami ikaja. Urai akafungua duka la tambi za bata, na magari yakaanza kupanga foleni kama wanagawa bure. Akaolewa, akazaa mtoto wa kiume anayempigia simu kila siku kutoka Bangkok. Prayong aliolewa na mtu mpole, akafiwa, hakujaaliwa mtoto. Urai naye alifiwa, ni kweli, lakini hata ujane kwake ulikuja na watu wengi wa kumfariji.

Kitu kimoja tu Urai hakuwa nacho, nacho ni ulimi wa kuonja. Ulimi wa baba ulirithiwa na Prayong. Balungi ni tunda la kudanganya. Nje linang'aa, ndani kavu kama sponji. Jingine lina makovu ganda zima, ndani asali. Hulijui mpaka ulimege. Basi kila asubuhi ya msimu Prayong alipita na kisu chake, tuta kwa tuta, anakata moja hapa na moja kule, anamenya, anafunga macho, anatafuna. "Hili liende sokoni." "Hili lilale kwanza mpaka ganda linyauke." "Mti huu una kiu, mtu gani amesahau mfereji?" Wanunuzi waliotoka mbali wakibishana bei na ubora, mmoja atauliza, "Yong ameonja?" na mabishano yanaishia hapo. Jua likishapanda, alikuwa ameonja sehemu kubwa ya balungi zima, na siku za wanunuzi wengi hata mawili, na chumvi ya pilipili pembeni.

Sasa, mwaka mmoja nyuma, zahanati ya kijiji iliwapima damu wazee wote. Dada na mdogo wake wote walikutwa na mafuta mengi, na kwa kuwa baba alikufa kwa moyo, nesi Kanda hakutaka mzaha. Aliwakalisha pamoja akawaambia watapewa dawa ya kushusha mafuta, simvastatini, kidonge kimoja kila siku wakati wa kulala.

"Ni dawa nzuri," nesi alisema. "Wengi wanaimeza miaka na hawaumwi hata kidole. Lakini mama zangu, nisikilizeni. Misuli ikianza kuuma bila sababu, au mkojo ukawa mweusi, msininyamazie. Njooni mbio. Usiache mwenyewe, usiongeze mwenyewe, usimpe jirani. Na mabalungi je? Najua naongea na nani hapa. Dawa hii na balungi havipikiki chungu kimoja."

"Mimi sili," Prayong akajibu upesi.

Na wala hakuwa anadanganya. Anayekula balungi ni mteja. Mwenye shamba anaonja. Baba yao angekutoa mbio na fimbo akikukuta umekaa kitako unakula mali ya kuuza, ila kuonja ilikuwa kazi, tena kazi ya heshima. Mpishi akionja mchuzi nani atasema amekula chakula? Prayong hakuwahi katika maisha yake yote kufikiri kwamba yale ya asubuhi ni kula.

"Hali huyu," Urai akadakia, anacheka. "Mchoyo! Hata mimi mdogo wake wa tumbo moja hanipi!"

Nesi Kanda akacheka mpaka akashika meza. Alimpenda sana Urai. Kila mtu alimpenda Urai. Akaenda kabatini, akarudi na pakiti mbili. Ya Urai ilikuwa na vidonge vya rangi ya waridi, vyembamba, vizuri kama peremende. Ya Prayong ilikuwa na vidonge vyeupe, vya mviringo, vya kawaida tu kama chokaa.

"Hivi vya waridi vimekwisha, mama Yong," nesi alisema. "Hivi ni kiwanda kingine. Dawa ni ile ile."

Dawa ni ile ile! Ukiwa umeishi miaka sitini na kitu ukipewa kile kinachobaki baada ya Urai kuchagua, neno hilo unalisikia vingine. Prayong alipokea pakiti yake, akaunganisha viganja akashukuru, akatoka. Njiani alikuwa anawaza zile bakuli za tambi ambazo Urai humpelekea nesi kila wiki, na minofu ya bata imejaa juu. Kumbe ndiyo maana. Watu wanajua kujipendekeza, bwana.

Miezi ilipita salama. Nje ya msimu hakuna cha kuonja, na Prayong alikuwa mzima wa afya. Msimu ulipoingia ndipo mapaja yalipoanza. Mwanzo ilikuwa kama uchovu wa kupanda ngazi, kisha mabega, kisha hata kuchana nywele ikawa kazi. Akawa anashuka kwenye daraja la mfereji kwa kushika kamba. Na kila jioni, mbele ya macho yake, suruali ya rangi ya papai inaruka.

"Dada, unaumwa wewe," Urai alimwambia siku moja, amemkuta anakaa kwa kujibweteka kama gunia. "Twende kwa Kanda. Alisema misuli ikiuma tusinyamaze."

"Naumwa nini? Nimeshinda shambani. Wewe unayekoroga tambi kwenye kivuli utajua nini cha uchovu?"

"Haya mama, nimekoma. Mdomo wako huo, hata mbwa wa hekalu wanaukimbia."

"Nenda zako huko."

Angekwenda kwa Kanda vipi? Akienda, Kanda atamwambia Urai kabla tambi hazijapoa. Urai atakuja na supu, na majirani, na huruma. Atasimama katikati ya uwanja aseme, "Tumwombee dada yangu, miguu yake imekwisha." Prayong aliona heri kutambaa kuliko kuombewa na Urai.

Hapo ndipo hesabu mbaya ilipoingia kichwani. Dada mmoja na mdogo mmoja, baba mmoja, ugonjwa mmoja, nesi mmoja. Mmoja anaruka, mwingine anatambaa. Tofauti iko wapi? Iko kwenye rangi ya vidonge. Alilitazama jambo hilo huku na huku, na kila alipolitazama lilizidi kuwa kweli. Vya waridi ndivyo vyenye nguvu. Vyeupe ni makapi ya kuwapa watu wasio na tambi.

Nyumba ya Urai aliijua kuliko nyumba yake. Aliingia kwa mlango wa nyuma mchana wa saa za wateja, wakati Urai yuko mbele anapiga kelele, "Bakuli mbili, moja bila damu ya bata!" Juu ya friji kulikuwa na kopo la biskuti, na ndani ya kopo dawa. Alifikiria kubadilishana, aache vyeupe achukue vya waridi. Lakini Urai angeona rangi. Basi akachukua tu. Moyo ulimwenda mbio kama mwizi wa kuku, na ni kweli alikuwa mwizi, tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Vile vyeupe vyake hakuviacha pia, kwa sababu vilikuwa haki yake. Akawa anameza cheupe, kisha cha waridi juu yake.

Siku za mwanzo alijisikia mwepesi. Alitaka kujisikia mwepesi, basi akajisikia. Alikwenda uwanjani akasogea mpaka mstari wa pili, akanyanyua goti, na maumivu akayang'ata kwenye meno.

Urai alikuja shambani asubuhi ya siku iliyofuata. Hakuwa na kelele zake.

"Dada, mimi niliziweka wapi dawa zangu? Hukuziona? Nina hakika nilizitia kwenye kopo."

"Mimi nitazionea wapi?" Prayong alikuwa amefumba macho, ana kipande cha balungi mdomoni. "Umesahau tu. Uzee huo, mdogo wangu."

 Urai alisimama pale akiwa ameshika mkono wake mmoja kwa mkono mwingine, kisha akaondoka taratibu. Prayong aliona jambo moja tu: kwa mara ya kwanza amemfunga mdogo wake mdomo. Akaimega nyama ya balungi nyingine, ikawa tamu kupita zote za msimu.

Kanda alimpa Urai pakiti nyingine. Hiyo nayo ikapotea kwenye kopo. Safari hii Urai hakurudi zahanati kuomba tena, wala hakuuliza mtu. Akaanza kubadilika. Akawa anasahau chumvi kwenye supu. Anasimama katikati ya duka anatazama ukuta. Jioni mstari wa mbele ukawa na pengo, na wanawake wakawa wanaulizana, "Urai yuko wapi leo?" na kesho tena, na keshokutwa.

Prayong akayaona yote hayo, na badala ya kuogopa akapata ushindi. Si nilisema! Nguvu ilikuwa kwenye vidonge! Vimemtoka Urai, Urai amelegea. Alikuwa na uhakika kama mtu aliyeona kwa macho. Akalisogelea lile pengo, akasimama mstari wa mbele, chini ya spika, mahali alipopatamani miaka yote, na akacheza wimbo mmoja mzima machozi yakimtoka kwa maumivu. Aliyempigia makofi hakuwepo. Wanawake walikuwa wanatazama njia, wanamngoja Urai.

Asubuhi iliyofuata, chooni, Prayong aliona mkojo wake una rangi ya kahawa nyeusi. Maneno ya nesi yalimjia yote, neno kwa neno. Akavuta maji upesi, akajiambia ni supu ya damu aliyokula jana. Siku hiyo kulikuwa na wanunuzi. Akachukua kisu akaenda shambani.

Alionja tuta la kwanza na la pili. Kwenye la tatu aliinama kuokota balungi lililoanguka, na hakuinuka tena. Haikuwa kizunguzungu, akili ilikuwa timamu kabisa. Aliiagiza miguu isimame, na miguu haikusikia. Alijaribu mikono, mikono ikatetemeka ikamwacha. Akalala ubavu kwenye nyasi zenye umande, balungi mbele ya pua yake, anasikia maji ya mfereji, na akaogopa kufa.

Aliyemkuta ni Urai. Alikuwa amekuja kuuliza kama ameacha hapo funguo za duka.

"Dada! Dada Yong! Wee, usinifanyie hivyo!" Urai alipiga kelele mpaka vibarua wakaja mbio, wakampakia Prayong kwenye guta la kubebea matunda, na njia nzima mpaka barabarani Urai alikimbia pembeni ameshika kichwa cha dada yake kisigonge.

Hospitali ya wilaya walimtundikia dripu mbili za maji kwa pamoja, wakamtoa damu na mkojo ule mweusi, wakapima. Daktari alikuwa mwanamke kijana aitwaye Wipha, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alivuta kiti akakaa karibu.

"Mama, misuli yako inavunjika. Si kuchoka, inavunjika, na uchafu wake umeingia kwenye damu unaziba figo. Ndiyo maana ya ule mkojo. Nimeambiwa unameza dawa ya mafuta. Nimeisimamisha. Sasa nieleze. Mitishamba unakunywa? Dawa ya fangasi? Kuna mtu amekupa antibiotiki karibuni?"

"Hapana."

"Balungi?"

"Sili."

"Hali, daktari," Urai akasema. Alikuwa amesimama miguuni kwa kitanda. "Anaonja tu."

"Anaonja kiasi gani?"

"Msimu huu? Moja. Hata mawili."

"Kwa wiki?"

"Kwa siku, daktari. Kila siku. Ndiyo kazi yake."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, tumbo halijui kama unaonja au unakula. Mwili una kitu kinachoivunja dawa hii ili isizidi. Balungi linakizuia. Kidonge kimoja kinakuwa kama umemeza kadhaa." Akamtazama tena. "Lakini hata hivyo vipimo vyako viko juu mno. Kuna zaidi. Uliongeza kidonge? Sikulaumu, nataka kujua tu. Nikijua kilichoingia ndani nitajua kama figo hizi zitaoshwa kwa maji haya, au nikupeleke mjini leo leo kwenye mashine ya kusafisha damu."

Prayong akatazama dari. Kusema mbele ya Urai? Heri figo ziende. Aliwaza hivyo kabisa, hakuna cha kupamba.

"Mimi ndiye ninayekaa naye karibu," Urai alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, si ya mstari wa mbele. "Lakini usiniulize mimi, daktari. Usiandike nitakachosema. Kichwa changu kimeanza kuondoka."

"Una maana gani, mama?"

"Napoteza vitu. Dawa zangu mwenyewe, hizo hizo za mafuta, nimezipoteza mara mbili, kopo lile lile. Naziona kwa macho nikiziweka, kesho hazipo. Na leo funguo. Mama yetu alianza hivyo hivyo, funguo na vitu vidogo vidogo. Mwanangu anakuja Jumamosi kunichukua nikaishi kwake. Duka nimeshawaambia watu nafunga. Sitaki kufika pale alipofika mama, nikaunguza nyumba na watu ndani."

Hakulia. Alisema kama mtu aliyekwisha kulilia jambo hilo peke yake na kulimaliza.

Prayong akageuza shingo, kwa shida, akamtazama. Jumamosi. Urai ataondoka. Duka litafungwa, nyumba ya barabarani itakaa na popo, mstari wa mbele utakuwa wazi, nesi Kanda hatakuwa na mtu wa kumchekea. Vyote alivyoviomba kimoyomoyo tangu utoto, vimewekwa hapo kwenye sinia, na hakuna atakayejua kamwe. Anyamaze tu. Aseme "sikuongeza" na afumbe macho. Na kijicho kile cha miaka yote kilimnong'oneza hivyo hivyo: nyamaza.

"Hukuzipoteza," Prayong akasema.

"Nini, dada?"

"Dawa. Nilizichukua mimi."

Urai akatabasamu kidogo, kama unavyomtabasamia mgonjwa anayeweweseka.

"Nilipita mlango wa nyuma ukiwa na wateja. Kopo la biskuti, juu ya friji. Pakiti ya kwanza nilichukua, na ya pili. Nikawa nameza changu, halafu na chako juu yake. Daktari, ndivyo ilivyokuwa. Viwili kila siku, na mabalungi."

"Kwa nini?" daktari aliuliza.

"Vyake ni vya waridi."

"Mama, rangi ni ya kiwanda! Ndani ni kitu kimoja." Daktari alikuwa amekwisha simama, anamwita nesi, anataja vipimo vya kurudia na gari liwekwe tayari. Kisha akamgeukia Urai. "Na wewe mama, tangu lini hujameza?"

"Sijui. Mwezi na zaidi."

"Basi kabla hujatoka hapa utapimwa damu. Ikipotea tena, ukiishiwa, ukiogopa, nenda ukaseme. Dawa hii haiachwi kimya kimya." Akatoka mbio.

Walibaki wawili. Urai alikuwa bado amesimama miguuni kwa kitanda, ameshika chuma kwa mikono miwili.

"Zote?" akauliza.

"Zote."

"Na nilipokuja shambani kukuuliza?"

"Nilikuwa ninazo."

Urai akatoka nje. Prayong akasikia kandambili zake zikienda ukumbini, kisha ile sauti yake ya "bakuli mbili", yenyewe kabisa, imerudi, inajaza jengo zima. "Mwanangu? Usije! Usije, nakuambia! Kichwa changu kizima! Kizima kabisa, hata funguo nilisahau kwa hofu tu, mimi siumwi kitu, ni mama yako mkubwa tu ndiye mwizi!" Akawa anacheka na kulia kwa pamoja, na wodi nzima ikasikia, na wagonjwa wakageuza shingo kumtazama Prayong kitandani kwake. Manesi wawili walikwenda kumshika Urai mkono, wakampa maji, wakampepea. Hata kuibiwa, Urai aliibiwa akapendwa! Na Prayong, na dripu zake mbili na aibu ya kumtosha mpaka kaburini, alihisi kile kijicho kikimchoma tena hapo hapo kilipomchoma siku zote. Akakionea haya, lakini kilikuwepo.

Urai akarudi. Macho mekundu, kamasi, nywele zimemsimama. Akavuta kile kiti cha daktari, akakaa, akamtazama dada yake kwa hasira ambayo Prayong hakuwahi kuiona usoni mwake.

"Unajua mama mwisho wake alikuwa ananiitaje? Mama wa tambi. 'Mwambie yule mama wa tambi aondoke.' Mimi niliyekuwa namwosha. Wewe alikuita Yong mpaka pumzi ya mwisho. Jina lako halikumtoka. Mwezi huu wote, kila nikiamka, kabla sijafumbua macho, nasema kwanza 'Yong'. Nilikuwa najipima kama bado ninalo."

 Prayong akatazama maji yanavyotona kwenye dripu.

"Vidonge," Urai akasema. "Vidonge, dada! Si ungeniomba? Ungeniomba ningekupa vyote."

"Najua," Prayong akasema. "Ndicho nilichoshindwa kukivumilia."